Mbwa wa Mtakatifu Bernardo na Wajibu wa Aliyeshika Kamba



Wapendwa taifa la Mungu, katika tafakari ya juma hili tunawaalika tupande pamoja, kwa njia ya historia, hadi katika milima ya Alpi, mpakani mwa Uswisi na Italia, mahali ambapo theluji hufunga barabara kwa zaidi ya nusu ya mwaka. Tunakwenda huko kumfuata kiumbe ambaye katika lugha yetu hajapewa heshima kubwa, yaani mbwa. Kwa wengi wetu mbwa ni mlinzi wa getini. Hulala nje, hula makombo, na jina lake hugeuzwa kuwa tusi. Hata hivyo, wako waamini wenzetu waliohamia Ulaya na Marekani Kaskazini, na wako watoto wetu waliokwenda huko kusoma au kufanya kazi, ambao leo wanaishi na mbwa ndani ya nyumba. Kila siku, hata theluji inapoanguka, hawana budi kumtoa nje na kumtembeza.

Ndipo linapozuka swali ambalo kwa aliyekulia katika nchi za joto laonekana kuwa la mzaha: je, mnyama mwenye manyoya anahitaji kukingwa na baridi? Wengi hujibu upesi kwamba Mungu amekwisha kumvika. Historia ya mbwa walio maarufu kuliko wote katika theluji inajibu kwa uangalifu zaidi, na jibu lake linatugusa hata sisi ambao hatujawahi kuiona theluji.

NYUMBA ILIYOJENGWA JUU YA HATARI

Tangu zamani za Warumi, wasafiri walivuka milima ya Alpi kwa mapito yaitwayo leo Grand-Saint-Bernard, yaliyo kwenye kimo cha mita 2,469 juu ya usawa wa bahari. Njia hiyo ilipitiwa na wafanyabiashara, askari na mahujaji waliokwenda Roma. Ilikuwa njia ya mkato, lakini pia ilikuwa kaburi la wengi. Waliosalimika na wanyang'anyi waliangukia mikononi mwa dhoruba na maporomoko ya theluji.

Yapata mwaka 1050, Mtakatifu Bernardo, aliyekuwa shemasi mkuu wa Aosta, alianzisha juu ya mapito hayo nyumba ya kuwapokea wasafiri. Nyumba hiyo ikawa chini ya uangalizi wa Wakanoni wanaofuata kanuni ya Mtakatifu Augustino, na kazi yao ilikuwa nyepesi kuieleza lakini ngumu kuitenda: kumfungulia mlango kila anayebisha, kumpa chakula, moto na kitanda, na kwenda kumtafuta asiyefika. Kwa karne nyingi waliifanya kazi hiyo bila mbwa hata mmoja. Mnamo mwaka 1923 Papa Pius XI alimtangaza Mtakatifu Bernardo kuwa msimamizi wa wapanda milima, na nyumba yake inaendelea kupokea wageni hata leo.

Mbwa waliingia katika nyumba hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 17. Hawakuletwa kama waokoaji, bali kama walinzi, kwa kuwa nyumba iliyokuwa peke yake mlimani ilihitaji sauti ya kuwatisha waovu. Mchoro wa mwaka 1695 unawaonyesha wakiwa tayari wamezoeleka mahali hapo. Baadaye, katika karne ya 18, watumishi waliokuwa wakiwaongoza wasafiri kati ya bonde na nyumba ya watawa walianza kufuatana na mbwa hao. Wakagundua mambo mawili. Kwanza, mbwa mwenye kifua kipana akitangulia, huifungua njia katika theluji laini, na anayemfuata hupata pa kukanyaga. Pili, pua yake humwongoza hata pale macho ya mwanadamu yanaposhindwa kuona kwa ukungu na dhoruba, na yaweza kumtambua mtu aliyefunikwa na theluji.

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Mbwa hao hawakutumwa mlimani peke yao kama wengi tunavyodhani. Walikwenda na watu na walirudi na watu. Hawakulala nje kwenye theluji. Walikuwa na mahali pao ndani ya kuta nene za nyumba ya watawa. Ushujaa wao ulikuwa na mlango wa kurudia.

BARRY, NA PICHA ILIYOTUDANGANYA

Mbwa aliyepata sifa kuliko wote aliitwa Barry. Alizaliwa katika nyumba hiyo ya watawa mwaka 1800, mwaka uleule ambao Napoleon aliyavuka mapito hayo mwezi Mei akiwa na jeshi la askari wapatao 40,000. Barry anahesabiwa kuwa alisaidia kuokoa watu zaidi ya 40. Ilisimuliwa baadaye kwamba aliuawa na mtu aliyekuwa akimwokoa, ambaye alimdhania kuwa mbwa mwitu. Masimulizi hayo yanatoa machozi, lakini si ya kweli. Ukweli una upole zaidi: mwaka 1812, Barry alipokuwa amezeeka, alishushwa kutoka mlimani na kupelekwa katika mji wa Bern ili amalizie siku zake katika hali ya hewa isiyo kali. Alikufa huko mwaka 1814, na mwili wake umehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Asili ya mji huo.

Tuizingatie habari hiyo ndogo. Wale waliojua thamani ya Barry kuliko mtu mwingine yeyote ndio waliosema, "Sasa imetosha." Hawakungoja afe kazini ili masimulizi yapendeze.

Lakini dunia haikumkumbuka Barry halisi, ilikumbuka picha. Mnamo mwaka 1820 mchoraji wa Uingereza Edwin Landseer, akiwa kijana asiyetimiza miaka 20, alichora mbwa wawili wa mlimani wakimhudumia msafiri aliyezidiwa na theluji, na mmoja wao akawa na kipipa cha pombe shingoni. Mchoro huo ulienea, na tangu hapo kipipa hakikutoka tena shingoni mwa mbwa hao katika kadi, vitabu na matangazo ya biashara. Watawa wenyewe hawakuwa na desturi ya kuwafunga vipipa. Tena, pombe si dawa ya baridi. Huipanua mishipa ya damu iliyo karibu na ngozi, na mtu akajisikia joto ilhali mwili wake unazidi kupoteza joto.

Hata umbo la Barry halikuachwa salama. Akiwa hai alikuwa na uzito wa kilo 40 hadi 45 hivi, yaani mbwa mkubwa wa kawaida, mwepesi wa kutembea. Mbwa wa ukoo huo siku hizi aweza kufikia kilo 65 hadi 85. Mwili wa Barry ulipotengenezwa upya mwaka 1923, kichwa chake kilibadilishwa ili kifanane na mbwa ambao watu walikuwa wamewazoea. Hivyo ndivyo picha inavyoweza kumla aliyepigwa picha. Tunamtazama mbwa mkubwa mwenye manyoya mazito, tunakumbuka kipipa, nasi tunahitimisha kwamba baridi haiwezi kumfanya lolote.

MANYOYA MAREFU YALIPOGEUKA MZIGO

Ushahidi ulio kinyume cha dhana hiyo unatoka katika nyumba ileile ya watawa. Kati ya miaka 1816 na 1818 majira ya baridi yalikuwa makali mno, na mbwa wengi walikufa katika maporomoko ya theluji wakiwa kazini. Ukoo ukadhoofika kwa uchache. Katika miaka ya 1830 ikaonekana vema kuwachanganya na mbwa wa Newfoundland, ambao ni wakubwa na wana manyoya marefu. Kwa akili ya kawaida, hilo lilikuwa wazo jema: manyoya mengi, joto jingi.

Kilichotokea kikawa kinyume. Theluji ilinasa katika manyoya marefu, ikayeyuka kwa joto la mwili, kisha ikaganda tena na kuwa vipande vya barafu vilivyoning'inia. Mbwa akawa amebeba mzigo wa barafu juu ya mwili wake mwenyewe. Akalowa, akachoka, akashindwa kazi. Watawa wakawatoa wale wenye manyoya marefu na kuwapa watu wa mabondeni, wakabaki na wale wenye manyoya mafupi yaliyoshikamana.

Wapendwa, huo ndio moyo wa historia yetu. Adui wa mbwa katika theluji si baridi peke yake, bali ni baridi pamoja na maji. Manyoya hukinga kwa sababu hushika hewa katikati yake; yakilowa, hewa hutoka na kinga hutoka nayo. Watawa hawakuyajua hayo kutoka katika maabara. Waliyajua kwa sababu walimtazama mnyama wao kila siku aliporudi nyumbani.

NJIA YA NOME, MWAKA 1925

Elimu hiyo haikuwa ya watu wa Alpi tu. Upande wa pili wa dunia, katika Alaska, wenyeji wa nchi za barafu walikuwa wameishi na mbwa wa kukokota sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji, tangu vizazi vya kale. Habari moja ya huko yastahili kutajwa, kwa kuwa inaonyesha gharama ya kusahau jambo dogo.

Mnamo Januari 1925 ugonjwa wa dondakoo uliuingia mji wa Nome, na daktari pekee wa mji huo, Curtis Welch, hakuwa na seramu inayofaa. Bahari ilikuwa imeganda na ndege za wakati huo hazikuaminika katika baridi ile. Seramu ilisafirishwa kwa treni hadi Nenana, na kutoka hapo, kuanzia tarehe 27 Januari, waongozaji wa sleji 20 wakiwa na mbwa wapatao 150 walipokezana katika safari ya kilomita 1,085 hivi. Tarehe 2 Februari Gunnar Kaasen aliingia Nome, mbwa wake Balto akiwa mbele. Mbwa Togo wa Leonhard Seppala ndiye aliyekuwa amepita sehemu ndefu na ya hatari kuliko zote.

Dunia ikafurahi, na kabla ya mwaka kwisha sanamu ya Balto ikasimamishwa New York. Lakini si mbwa wote waliofika. Mmoja wa waongozaji, Charlie Evans, aliondoka bila ngozi za sungura ambazo kwa desturi zilifungwa kwenye kinena cha mbwa, mahali penye manyoya machache. Mbwa wake wawili wa mbele waliumwa na baridi mahali hapo, wakaanguka na kufa. Walikuwa mbwa wa Alaska, waliozaliwa katika barafu. Kilichokosekana ni kipande cha ngozi tu.

Kwa sababu hiyo, waongozaji wa sleji hawaoni haya kumvika mbwa viatu. Katika mashindano ya Iditarod, yanayofanyika Alaska tangu mwaka 1973, kanuni humtaka kila mshindani awe na viatu vinane kwa kila mbwa. Anayecheka akimwona mbwa wa mjini amevaa viatu vya kitambaa hana budi kujua kwamba anakicheka chombo cha kazi.

YANAYOTUPASA LEO

Basi, kwa ndugu zetu wanaotembeza mbwa katika majira ya baridi, historia hii inatoa mashauri yanayofaa.

Kwanza, tumtazame mbwa tuliye naye, tusitazame picha. Mbwa mwenye manyoya mafupi, aliyekonda, mdogo wa umbo, mchanga au mzee anahitaji vazi la mgongoni na matembezi mafupi. Mbwa mwenye manyoya mazito hahitaji vazi, ila anahitaji kukaushwa. Akitetemeka, akipunguza mwendo, akiinua mguu mmoja baada ya mwingine au akigeuka kuelekea nyumbani, amekwisha kusema. Ni sisi tuliobaki kusikia.

Pili, tutunze nyayo. Mwenyezi Mungu amezipanga kwa hekima: mishipa inayopeleka damu ya moto hupita karibu sana na ile inayorudisha damu ya baridi, hivyo damu hupashwa kabla ya kurudi mwilini. Lakini nyayo hizo hizo huchanika kwa barafu kali, na vidonge vya theluji huganda kati ya vidole vikamfanya achechemee. Manyoya ya kati ya vidole yapunguzwe, na mafuta ya mgando yapakwe kabla ya kutoka. Katika miji, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo huwasha ngozi, na mbwa akirudi nyumbani huilamba na kuugua. Hivyo, kila arudipo, nyayo na tumbo vioshwe kwa maji ya vuguvugu na kufutwa mpaka vikauke.

Tatu, tujihadhari na sumu iliyo tamu. Kimiminika kinachotiwa katika rejeta za magari ili maji yasigande huwa na utamu unaomvutia mnyama, na kiasi kidogo tu chaweza kuharibu figo na kumuua. Mbwa asiachwe kunywa madimbwi kando ya magari, na akishukiwa kuilamba, apelekwe kwa daktari wa wanyama mara moja bila kungoja dalili.

Nne, tusiyaamini maziwa na mito iliyoganda. Ukoko wa barafu unaomhimili mbwa leo waweza kuvunjika kesho, na wengi wamepoteza maisha kwa kumfuata mnyama aliyetumbukia. Karibu na maji, kamba isiachiwe.

Tano, siku za baridi ni fupi na giza huingia mapema. Mkanda unaong'aa unapomulikwa na taa za magari humlinda mbwa na anayemtembeza. Wala asiachwe peke yake ndani ya gari lililozimwa, maana gari hilo hupoa upesi.

Sita, ncha za masikio, mkia na vidole ndizo zinazoanza kuumwa na baridi. Zikipauka na kuwa baridi mno, zisisuguliwe wala zisisogezwe motoni. Afunikwe kwa blanketi kavu, apashwe polepole, na mganga wa wanyama amwone.

KIPIMO CHA MWENYE HAKI

Yawezekana msomaji anauliza: je, ni halali kuzungumzia viatu vya mbwa wakati wako watoto wanaokwenda shule bila viatu? Swali hilo ni la haki, wala Kanisa halilikwepi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2418, inayashika yote mawili pamoja: ni kinyume cha hadhi ya mwanadamu kuwatesa wanyama bila sababu, na vilevile haifai kuwatumilia fedha ambazo zingepaswa kwanza kuondoa taabu za watu. Lakini tukitazama vema, karibu yote tuliyoyataja hayahitaji fedha nyingi. Taulo kuukuu, maji ya vuguvugu, mafuta ya mgando na macho yanayotazama havimnyang'anyi maskini mkate wake. Kinachodaiwa hapa ni uangalifu zaidi kuliko fedha.

Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, kinamtambua mwenye haki kwa kujali kwake uhai wa mnyama wake. Na Kitabu cha Tobiti, katika safari ndefu ya kijana Tobia pamoja na malaika Rafaeli, hakikuona aibu kutaja kwamba mbwa alifuatana nao. Hakupewa kazi yoyote katika masimulizi hayo. Alitajwa kwa sababu alikuwamo safarini.

Mwaka 1964 njia ya chini kwa chini ya magari ilifunguliwa ndani ya mlima wa Grand-Saint-Bernard, na siku hizi aliyepotea mlimani hutafutwa kwa helikopta. Mwaka 2005 kazi ya kuwatunza na kuwazalisha mbwa wa watawa ilikabidhiwa kwa taasisi ya Fondation Barry iliyo Martigny, bondeni. Kazi iliyowapa jina imekwisha, lakini hawakutupwa, wamebaki wakitunzwa.

Na sisi tulio katika nchi za joto, tusiseme kwamba habari hii haituhusu. Mbwa wa getini naye hunyeshewa na mvua za masika, hupigwa na baridi ya usiku katika nyanda za juu, na hufungwa kwa mnyororo mfupi palipo mbali na kivuli na maji. Aliyefungwa hawezi kujichagulia mahali pa kusimama. Kwa hiyo, mwenye kushika kamba ndiye anayewajibika kwa pande zake zote mbili. Ndivyo ilivyo kwa mbwa, na ndivyo ilivyo, kwa uzito ulio mkubwa zaidi, kwa kila mtu ambaye hatua zake zinategemea mikono yetu: mtoto, mgonjwa, mzee, mfanyakazi wa nyumbani. Tujifunze kwa watawa wa mlimani kumtazama kila anayerudi nyumbani, tuone amelowa wapi, na tumkaushe kabla hatujamtuma tena.

Tunawatakia nyote juma lenye amani na baraka tele. Mtakatifu Bernardo, msimamizi wa wapanda milima, awaombee wote walio safarini.